Badiri ya Ushindi

Sebuleni kwa Mzee Mikidadi, kule Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kulikuwa na picha moja tu ukutani, na haikutundikwa mkabala na mlango kwa bahati mbaya. Mwenyewe alitaka kila aingiaye aione kabla hata salamu yake haijaitikiwa. Ni picha ya vijana wawili waliovaa magwanda yasiyowatosha, mmoja mwembamba na mwingine mwembamba zaidi, wamesimama mbele ya lori lililofungwa matawi mabichi. Wote wawili wameinua vidole viwili juu. Yule mwembamba zaidi ndiye Mikidadi, wakati huo ana miaka ishirini na mitatu, na mkono wake wa kushoto umeshika kitabu kidogo kifuani.

Vidole viwili hivyo walifundishwa na mpiga picha. Aliwaambia ndivyo wafanyavyo washindi dunia nzima, nao wakamwamini, maana yeye ndiye aliyekuwa na kamera. Matawi hayakuhitaji mwalimu. Lori la harusi hufungwa matawi, lori la timu iliyorudi na kombe hufungwa matawi, na vita vya Kagera vilipokwisha, malori yaliyowarudisha wapiganaji yalipita Chalinze yamejaa majani hadi dereva haoni vizuri mbele. Wanawake walitandika khanga barabarani. Kila mpiganaji alikuwa na kitu chake cha kuonyesha kuwa ameshinda: huyu kofia ya adui, yule saa, mwingine redio isiyoshika stesheni yoyote, na mmoja, wallahi, alirudi na usukani wa gari, gari lenyewe kaliacha huko huko. Mikidadi alirudi na kitabu.

Ulikuwa msahafu mdogo wa mfukoni wenye jalada la kijani, mali ya askari wa Libya, mmoja wa wale waliotumwa kuja kumsaidia Nduli. Misahafu haikuwa adimu Bagamoyo. Kilichoufanya huu uwe na jina ni karatasi yake ya mwisho, ile inayoachwa tupu na wachapaji. Hapo palikuwa na maandishi ya mkono, mistari mitano ya Kiarabu. Mikidadi alikuwa amefundishwa na babu yake kusoma herufi za Kiarabu, kama wazee wa mji walivyokuwa wakiandikiana barua zamani, kwa hiyo kuisoma mistari ile hakukumshinda. Kuielewa ni jambo lingine, na hapo hana tofauti na wengi wetu, tunaohitimu juzuu thelathini bila kujua tumeambiwa nini. Aliona mna majina: Abdusalami, Salimu, Khadija. Aliona mna miezi mitukufu, Rajabu na Shaabani. Kila mstari ulianza na neno moja, ruziktu, ambalo masikioni mwake lilikuwa ombi la riziki na kheri. Akakata shauri kuwa ile ni Badiri.

Asiyekulia pwani huenda hajui uzito wa neno hilo. Majina ya masahaba waliopigana vita vya Badri husomwa moja baada ya jingine, na mtu aliyedhulumiwa akienda kusomesha, aliyemdhulumu hukosa raha hata chakula kikawa hakishuki. Mikidadi akiwa mdogo alimwona mtu mzima akija mbio na sufuria mbili za wizi kichwani, kofia imemdondoka njiani, akiwaomba wasomaji wakatishe kabla hawajafika mwisho. Bibi yake alimweleza siku ile: kisomo kikikatishwa hakidhuru mtu, kikimalizika basi tena. Maneno hayo yalimkaa.

Basi ile karatasi ya mwisho ilipata jina, Badiri ya ushindi, na mwenyewe akapata heshima ambayo kazi yake ya mashamba ya chumvi isingempa kamwe. Mwali anayeolewa alisomewa. Mtoto wa Bi Zaina, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliposhikwa na degedege alisomewa, akapona, na leo ana watoto wanne. Timu ya mtaa ilisomewa mara tatu, ikafungwa mara mbili, na hakuna aliyemlaumu Mikidadi, walimlaumu golikipa. Yeye hakupokea kitu kwa mtu, ila kikombe cha kahawa. Na msahafu hakumwachia mtu kuufungua. Mwalimu wa chuo aliwahi kumwomba autazame tu, akajibiwa kwa adabu kuwa kitabu cha vita hakichezewi. Kweli yenyewe ni kwamba kwenye karatasi ile kulikuwa na doa la rangi ya kahawia upande wa chini, na hakupenda mtu aulize doa lile ni la nini.

Kila Julai, Siku ya Mashujaa, Mzee Mikidadi alivaa nishani yake, akaenda kukaa kwenye viti vya mbele, na wanafunzi walipoletwa kumsikiliza alisimulia kisa kile kile kwa maneno yale yale. Alimkuta Mlibya amekwisha kufa, kitabu kiko mkononi, kimefunguka kwenye Badiri. Walikuwa wakitusomea sisi, wanangu. Mungu akakitoa kwao, akatupa sisi. Kisha aliinua vidole viwili, na watoto wote wakainua vyao.

Hivyo ndivyo alivyosimulia kwa miaka arobaini na sita. Sivyo ilivyokuwa, na waliojua walikuwa wawili tu duniani, yeye na yule mwenzake wa pichani, Mohamedi, ambaye siku hizi anaishi Lugoba na kulima ufuta.

Mwaka huu mjukuu wake Yusuf, askari wa jeshi, alichaguliwa kwenda kulinda amani katika nchi moja ambayo amani yenyewe ilikuwa imeshakimbia. Alipewa likizo ya wiki moja kuja kuaga. Nyumba nzima ilijua nini kitafanyika: Jumapili asubuhi kutakuwa na dua, shehe atasoma, kisha babu atamsomea mjukuu Badiri ya ushindi. Mara hii kulikuwa na jambo la ziada. Mzee alikuwa ameamua kumkabidhi Yusuf msahafu wenyewe aende nao. Mama yake Yusuf aliposikia hivyo alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu barua ya uhamisho ifike.

Tatizo likawa ni kumbukumbu. Macho ya mzee yalikuwa yameharibika kwa miaka mingi ya kutazama chumvi juani, na mtoto wa jicho alimalizia kilichobaki. Siku zote alisoma kwa moyo tu, ukurasa akiushika kwa heshima. Lakini Jumanne ile alipojipima peke yake alijikuta akitoka kwa Salimu moja kwa moja hadi amina, kuna kipande kimemponyoka. Akarudia, kikamponyoka tena. Hofu ikamwingia. Mtu unaweza kumsomea golikipa kwa kuruka, si mjukuu anayekwenda kwenye risasi.

Ndipo Jumatano saa nne asubuhi akamwita Naila. Huyu ni mjukuu wake kwa binti yake, msichana wa miaka ishirini na minne aliyesoma Kiarabu Unguja na sasa anakifundisha hapo hapo mjini. Alikuja na shikamoo yake, akaitikiwa marahaba, mke wangu, karibu ukae kwa mumeo, kwani mzee hakuwahi kumwita jina lingine tangu akiwa mchanga. Alimweleza shida yake. Akamwambia akatie udhu, asome polepole, asiruke, na akitoka hapo asimsomee mtu mwingine. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu vita, Mikidadi alimpa mtu mwingine ule msahafu aufungue.

Naila alikaa mkekani karibu na mlango penye mwanga. Alisoma kimya kwanza. Mzee aliona midomo ya mjukuu wake ikitembea kisha ikasimama.

"Babu," alisema, "hii si Badiri."

"Soma, mke wangu. Nilichokuitia ni kusoma."

"Nitasoma. Lakini si Badiri wala si dua." Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. "Anasema hivi: nimeruzukiwa Abdusalami, Jumatatu, mwezi wa Rajabu. Na mwaka ameweka. Hapa anasema: nimeruzukiwa Mabruka, Ijumaa, mwezi wa Shaabani, na huu ni mwaka mwingine, miaka miwili mbele. Halafu Salimu. Halafu Khadija. Ni watoto wake, Babu. Kila alipopata mtoto ameandika."

Naila, kwa kuwa ni mwalimu na walimu hawajui kuachia katikati, alizidi kueleza. Alimwonyesha kuwa kila mstari una wino wake. Wa kwanza mweusi, wa pili buluu, wa tatu mweusi tena lakini wa kalamu nene, wa nne kijani. Mtu hakai siku moja akaandika kwa kalamu nne. Mikidadi alikuwa ameziona rangi zile zamani, macho yalipokuwa bado macho, na kwa miaka yote hiyo alizihesabu kuwa ni siri ya kisomo, kwamba kila rangi ina kazi yake.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hapakuhitajika msomi wa Unguja. Ndani ya nyumba ile ile, juu ya kabati, kulikuwa na msahafu wa marehemu baba yake, na nyuma ya jalada lake, kwa herufi hizo hizo za Kiarabu ila kwa Kiswahili, baba alikuwa ameandika: amezaliwa Mikidadi, Alhamisi, mwezi wa Mfungo Tatu. Chini yake ndugu zake watano, kila mmoja na siku yake. Ndivyo watu wa pwani wafanyavyo. Alijua. Alikuwa akijiona humo tangu utoto, na bado haikumpitikia hata siku moja kuwa adui naye anaweza kuwa na baba wa namna hiyo, au kuwa baba wa namna hiyo.

"Na wa tano?" aliuliza.

"Wa tano ameandika neno la mwanzo tu, kwa penseli. Ruziktu. Jina hakuandika, ameacha nafasi." Naila alisita. "Labda alipoondoka kwao mkewe alikuwa mjamzito."

Mzee akamwomba aende akamsaidie bibi yake jikoni. Naila alipoondoka, alibaki pale na ukurasa asioweza kuuona, na kile alichokuwa amekifungia miaka arobaini na sita kikatoka chenyewe.

Ilikuwa asubuhi, kwenye barabara ya kinamasi kabla ya kufika Kampala, baada ya mapigano. Hawakuwa wamelala kwa siku tatu. Yeye na Mohamedi walipewa kazi ya kupita kukagua malori ya adui yaliyopinduka. Kwenye lori la tatu alikuwepo mtu ameegemea gurudumu, mguu wake mmoja si wa kutazamwa. Alikuwa hai. Bunduki yake ilikuwa mbali naye, hata angetaka asingeifikia. Alipomwona Mikidadi aliingiza mkono mfukoni, na Mikidadi akamwelekezea bunduki, lakini kilichotoka kilikuwa kitabu. Yule mtu alikifungua mwisho, akakiweka gotini, akaanza kusoma kwa sauti huku akimtazama usoni.

Ruziktu, akataja jina, akainua kidole kimoja. Ruziktu, jina, akainua cha pili. Hakuwa akitazama kitabu, alikuwa akimtazama Mikidadi, na vidole vyake vilikuwa vikipanda mbele ya uso wake kimoja kimoja. Kijana wa Bagamoyo nywele zikamsimama. Rajabu, Shaabani, majina, kitabu, vidole vinavyohesabu: alijua kinachofanyika, alikuwa ameambiwa na bibi yake. Nyuma yake Mohamedi naye, mtoto wa Kikwere aliyelelewa kwa hofu hizo hizo, alipiga kelele: "Anakusomea huyo! Usimwache amalize!"

Yule mtu aliposema ruziktu ya tano alifungua kiganja chote. Mikidadi akafyatua.

Siku mbili baadaye alikuja mpiga picha na vidole vyake viwili. Mikidadi alishika kile kitabu kifuani kwa kuwa aliamini kwa dhati ndicho kilichomwokoa: silaha ya adui aliyeinyang'anya kabla haijamaliza kazi. Uongo aliuongeza baadaye, alipofika nyumbani na kugundua kwamba neno "alikuwa hai" halikai vizuri mbele ya mama yake. Akalitoa. Kisa kilichobaki kilikuwa kizuri, na watu walikipenda, na yeye akakipenda pia.

Alhamisi hakutoka. Mkewe, Bi Shadya, alimletea uji, akaurudisha kama ulivyo. Aliona picha ya ukutani imegeuzwa, uso umetazama ukuta, akadhani ni mikono ya watoto, akaigeuza tena. Alipopita mara ya pili imegeuzwa vile vile. Akaiacha. Wameishi pamoja miaka arobaini na miwili na anajua mambo ya kuuliza na mambo ya kungoja.

Naila alirudi mchana baada ya kazi, macho yamevimba, kwani usiku uliopita babu yake alikuwa amemweleza yaliyobaki, habari ya lori la tatu. Alijaribu kumpoza. Alimwambia babu yake hakujua, na asiyejua hana hatia kama ya anayejua, akamletea na ushahidi wa vitabu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Lugha sikuijua, kweli," alisema. "Lakini vidole niliviona, Naila. Mtu anapokuhesabia vidole vya mkono wake akitaja majina, unahitaji Kiarabu gani?"

Alikuwa hajamwita jina lake tangu azaliwe. Naila alilia kwa hilo kuliko kwa kisa chenyewe.

Jioni ya siku hiyo alikuja Bi Zaina na mjukuu wake mchanga, mwili unawaka homa. Alikwishampeleka zahanati, dawa amepewa, lakini alitaka na kisomo pia, kama kawaida. Mzee alimpokea mtoto, akamsomea Alhamdu na Kulhuwallahu, akampulizia kichwani, akamrudisha. Bi Zaina hakusimama. Aliuliza ile yako je, sheikh wangu. Akajibiwa kuwa ile si yangu. Akadhani anafanyiwa utani, akacheka, kisha akaona mzee hacheki. Aliondoka amenuna, akasema uani, kwa sauti ya kusikika, kuwa uzee ni kitu kibaya, mtu anaweza hata kuwanyima watoto wa wenzake.

Ijumaa baada ya sala mzee alimwambia Naila ampigie simu Mohamedi kule Lugoba. Alimweleza yote. Mohamedi aliposema, hakuuliza habari za majina. Alisema hao Walibya hawakuja kutalii. Alisema sisi ni wazee, tumebakiwa na nini, niachie basi hicho kidogo. Akasema kisomo kimewafaa watu kwa miaka, wamepona, wameolewa, wamefaulu mitihani, sasa unataka kuwaambia walipona kwa nini? Na Jumapili anakuja, kama alivyoahidi, na nishani yake ataivaa.

Ukweli ni kwamba mzee mwenyewe alikuwa amefikiri hivyo hivyo usiku kucha. Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Angesoma mistari mitano Jumapili, akampa Yusuf kitabu, mama yake Yusuf angelala usingizi, na kijana angekwenda akiwa na moyo wa kishujaa, ambao huko anakokwenda ni kitu cha maana. Naila asingesema. Mohamedi asingesema. Lakini kila alipofika hapo alimwona Yusuf amesimama mbele ya lori, bunduki mkononi, na mtu chini amemfungulia kiganja, naye Yusuf ana moyo wa kishujaa.

Jumapili saa tatu ua ulijaa. Mikeka ilitandikwa, vitumbua na chai ya maziwa vikapita, shehe akasoma dua ndefu yenye mpangilio, watu wakaitikia amina. Vijana wa ukoo walikuwa wamejiandaa na simu zao wapige picha ya kuaga, na tayari wawili watatu walikuwa wakijaribu vidole vyao viwili kwenye kamera. Yusuf alikaa katikati, amenyoa vizuri, kijana mrefu mwenye sura ya babu yake ya pichani, ila amenenepa kidogo. Mohamedi alikaa karibu na ukuta, nishani kifuani, hamtazami mtu.

Shehe akasema sasa tunamngoja mzee wetu. Mzee Mikidadi akasimama, msahafu wa kijani mkononi. Bi Zaina alikuwa amerudi, amekaa mbele kabisa, bila shaka akitaka kuona kama yeye ndiye pekee aliyenyimwa.

Aliusoma ule ukurasa. Akaanza na Abdusalami, akaenda kwa Mabruka, Salimu, Khadija, na kwa kuwa siku nne hizi hakuwa amefanya jambo lingine ila kuyarudia, hakuruka hata herufi. Watu wakainua mikono kuitikia amina. Aliwazuia. Akawaambia maana yake, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, jina na siku ya kuzaliwa. Kisha akawaambia lile lori la tatu.

Hakulipamba. Alisema mtu alikuwa hai, hakuwa na silaha, alikuwa akimtajia wanawe ili asiuawe, naye akampiga risasi akiwa amefika wa tano. Alisema vidole viwili alivyowafundisha watoto wa shule kila Julai aliviinua siku mbili tu baada ya kuona vidole vitano vimefunguka mbele ya uso wake, na alipoviinua hakukumbuka. Alisema hata jina la yule mtu hajui, maana mtu haandiki jina lake mwenyewe kwenye orodha ya watoto wake, hivyo hata akitaka kumwombea hana la kumtaja.

Shehe alifungua mdomo, akaufunga, na hilo likawa jambo la busara kuliko yote aliyoyasema asubuhi ile. Mama yake Yusuf alijifunika uso kwa khanga na kulia, si kwa ajili ya Mlibya. Alilia kwa kuwa mwanawe anakwenda na kinga iliyokuwepo imevunjwa mbele ya macho yake. Bi Zaina alisimama, akasema mtoto wake alipona, hakuna wa kumwambia hakupona, akachukua viatu vyake akatoka.

Mohamedi naye alinyanyuka. Wengi walidhani atakanusha. Alifika mbele ya mwenzake, mkono wake ukiwa juu ya nishani kana kwamba unawasha. "Mimi ndiye niliyepiga kelele," alisema, na hakusema zaidi. Alitoka kwenda kungoja basi la Chalinze na chai yake haijaguswa.

Ile picha ya kuaga haikupigwa. Simu zilirudi mifukoni moja moja. Msahafu mzee alimkabidhi Naila, ambaye alikwishaupiga picha ule ukurasa na kuutuma kwa mwenzake aliyesoma naye, aliyekuwa na jamaa huko Tripoli. Majibu hayajaja mpaka leo, na huenda yasije. Huyo wa tano, kama alizaliwa, ni mtu mzima wa miaka arobaini na sita, na jina lake analijua yeye na watu wake.

Saa sita bajaji ilikuja kumchukua Yusuf na mkoba wake. Aliagana na bibi, akaagana na mama aliyeshindwa kumwachia mkono, akaja kwa babu aliyekuwa amesimama peke yake karibu na mlango, watu wamempisha kama mwenye ndui. Yusuf hakujua amkumbatie au ampe mkono. Akafanya yote mawili, vibaya. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, swali la mtu anayetaka jibu kwa kuwa kesho atalihitaji.

"Babu, nami nikimkuta mtu ananisomea maneno nisiyoyajua?"

"Mwache amalize."

"Na kama kweli ni Badiri?"

Mzee alimtafuta usoni kwa yale macho yake yaliyojaa ukungu.

"Mwache amalize, Yusuf."